Kufunga Kredi ni Rahisi, Kazi Ipo kwenye Funguo

Barua huja katika bahasha nyeupe ambayo ukiitazama harakaharaka utadhani ni tangazo la bima. Ndani, baada ya aya mbili za kuomba radhi, kuna sentensi moja yenye uzito: jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya soshali (Social Security, namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani) huenda vimo katika taarifa zilizochukuliwa. Mwishoni kuna msimbo wa herufi na tarakimu, pamoja na ahadi ya kufuatiliwa kredi bure kwa mwaka mmoja au miwili. Sisi tunaoishi Marekani tunaipokea barua hii kwa namna mbili. Kuna wanaoitupa pamoja na matangazo ya pizza. Na kuna wanaouingiza ule msimbo mtandaoni, wakapata ujumbe wa kuwakaribisha, wakalala wakiamini mlango umefungwa.

Mlango uko wazi. Huduma ya kufuatilia ni mlinzi anayekuamsha alfajiri kukuambia televisheni imeshabebwa. Inakupa habari, haizuii. Kinachozuia ni kufunga faili lako la kredi, yaani kumbukumbu ya mikopo yako na unavyoilipa, kufrizi kama wengi tunavyosema, na hilo unalifanya mwenyewe, bure, kwa kila kampuni inayotunza faili hilo, moja moja. Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Yanayowaliza watu huja baadaye, siku ya kufungua: namba ya simu ilishabadilika, imeili ilikuwa ya kazini, jina limeandikwa kivingine. Kwa hiyo hapa funguo zitapewa nafasi kubwa kuliko kufuli.

Waliotoka Kenya wanakuja na neno CRB kichwani, yaani kampuni za kutunza taarifa za wakopaji, na kule ukisikia fulani "yuko CRB" unajua ameshindwa kulipa. Huku mambo ni tofauti. Karibu kila mtu mzima aliyewahi kuchukua kadi ya mkopo au gari la kulipia kidogokidogo ana faili, liwe zuri au baya, na asiye na faili kabisa ndiye anayepata taabu. Kampuni kubwa zinazotunza mafaili hayo ni tatu: Equifax ya Atlanta, TransUnion ya Chicago, na Experian ambayo makao yake ya Marekani yako Costa Mesa, California. TransUnion ipo hata Nairobi, lakini faili lako la kule na la huku hayajuani.

Ukiomba mkopo, mkopeshaji anavuta faili kutoka kampuni moja, mbili au zote tatu, kisha anaamua. Mwizi mwenye jina lako, tarehe ya kuzaliwa, anwani na soshali anafanya hivyohivyo: mkopeshaji anavuta faili lako zuri, anampa yeye pesa, deni linabaki kwako. Faili likiwa limefungwa, mkopeshaji mpya anajibiwa kwamba limefungwa, basi. Haoni alama (namba inayopima unavyoaminika kulipa) wala historia, na wakopeshaji wengi hawatoi hela gizani. Ombi linafia hapohapo. Wewe alama zako haziguswi, kadi ulizo nazo zinaendelea kufanya kazi, na wale wanaokudai tayari wanaendelea kuliona faili kama kawaida.

Zamani huduma hii ilikuwa ya kulipia, na katika majimbo mengi ilifika hadi dola 10 kwa kila kampuni, kufunga na kufungua. Kilichobadilisha mambo ni aibu ya Equifax yenyewe. Tarehe 7 Septemba 2017 ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameingia kwenye mitambo yake tangu Mei hadi mwishoni mwa Julai, na hesabu ya mwisho ikafika watu wapatao milioni 147. Walipitia tundu la programu ya Apache Struts ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Hakuna hata mmoja kati ya hao milioni 147 aliyeulizwa kama anataka faili lake litunzwe pale. Sheria ikasainiwa Mei 2018, na tangu tarehe 21 Septemba 2018 kufunga na kufungua ni bure nchi nzima.

Data hazikuacha kuvuja. Kwa kampuni ya simu ya T-Mobile mwaka 2021 ilikuwa watu zaidi ya milioni 76. AT&T mwaka 2024 ilikiri kwamba taarifa za akaunti milioni 73, za sasa na za zamani, zilikuwa zimemwagwa mtandaoni. Mwaka huohuo kampuni ya Florida iitwayo National Public Data, ambayo wengi hawakuwahi hata kuisikia, ilivujisha mafaili yenye namba za soshali kwa wingi wa kutisha, na Oktoba ikaomba kufilisiwa. Kadi ya benki ikiibwa unapewa mpya ndani ya wiki. Namba ya soshali iliyoibwa 2017 ndiyo hiyohiyo unayoitumia leo. Kwa hiyo usisubiri barua. Chukulia kwamba namba yako iko nje tayari, maana kuna uwezekano mkubwa iko.

Kabla ya kugusa kompyuta, tafuta daftari. Daftari la karatasi, lile linalokaa kwenye droo moja na pasipoti. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, herufi kwa herufi. Andika anwani zako za miaka miwili hadi mitatu iliyopita, na namba za apatimenti usiziache. Kisha chagua imeili moja na namba moja ya simu za kutumia kwa kampuni zote tatu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Usitumie imeili ya kazini, kwa sababu siku ukiacha kazi inazimwa. Usitumie ya mtoto wala ya yule ndugu anayewasaidia watu wote wa kanisani au msikitini kujaza fomu. Akihama au mkikosana, funguo zimeondoka naye. Na kama simu yako ni ya kulipia kabla na unabadilisha laini kila ofa inapokuja, amua laini moja utakayoishikilia, kwa sababu msimbo wa kuingilia utatumwa huko. Piga simu kwa kampuni ya laini uweke na PIN ya kuzuia namba isihamishwe. Mwizi akiihamisha namba yako kwenda kwenye laini yake, anapokea yeye misimbo yote.

Hatua ya kwanza mtandaoni si kufunga. Ni kusoma. Nenda annualcreditreport.com, uiandike mwenyewe kwa mkono. Majina yanayofanana nayo yapo na mengi ni ya kuuza huduma. Hapo unapata ripoti zako kutoka kampuni zote tatu, bure, hata kila wiki. Ukiifungua ripoti usikimbilie madeni. Soma kwanza ukurasa wa majina na anwani. Ukikuta jina lililogeuzwa, anwani ya mji ambao hujawahi kuukanyaga, au mwajiri usiyemjua, liandike kwenye daftari, tutarudi.

Sasa funga. Ingia kwenye tovuti ya kila kampuni kwa kuandika jina lake, si kwa kubonyeza tangazo la juu kwenye utafutaji. Maneno unayoyatafuta ni "security freeze". Njiani utapishana na vitufe vikubwa vyenye rangi vinavyouza ulinzi wa kila mwezi, na utakuta kitu kiitwacho "lock". Hicho kinafanya kazi inayofanana, ila kinatokana na mkataba wako na kampuni, na masharti yake yanaandikwa na wao. Freeze inatokana na sheria. Kanuni rahisi: ukiombwa namba ya kadi ya benki, umeingia mlango usio wako, rudi nyuma.

Utafungua akaunti kwa kila kampuni, kila moja na nywila yake. Akaunti hizi ndizo funguo za leo. Zamani ulipewa PIN, na mwaka 2017 watu waligundua kwamba PIN za Equifax zilikuwa tarehe na saa uliyofunga, zikiandikwa mfululizo, kitu ambacho mwizi mvumilivu angeweza kukisia. Andika nywila zote tatu daftarini. Tunajua wataalamu wa kompyuta watanuna, lakini kwa mzee wa miaka 60 droo ya chumbani ni salama kuliko kumbukumbu.

Kabla hujakubaliwa utaulizwa maswali ya kukuthibitisha. Skrini inakuonyesha mitaa minne na kukuuliza ni upi uliwahi kuishi, na jibu la tano ni "hakuna hata mmoja". Au inakuuliza malipo ya mwezi ya mkopo wa gari, na gari huna. Mtu aliyefika nchini miezi minane iliyopita anaona mitaa minne isiyo yake, anaogopa kwamba "hakuna" ni mtego, anachagua ule unaofanana na jina la mtaa wake wa sasa. Ameshindwa. Anajaribu tena kwa haraka, anashindwa tena, na mfumo unamfungia nje. "Hakuna hata mmoja" ni jibu halali, na kwa mgeni mara nyingi ndilo jibu la maswali yote. Ukishindwa mara moja, acha. Piga simu siku inayofuata, au nenda kwa posta.

Kwa posta unatuma barua fupi ya kuomba kufungiwa, yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, soshali na anwani, pamoja na nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi ya soshali, na bili ya umeme au taarifa ya benki yenye anwani hiyohiyo. Nakala, si kadi zenyewe; wapo waliotia kadi halisi ya ukaazi kwenye bahasha. Equifax ni P.O. Box 105788, Atlanta, GA 30348. Experian ni P.O. Box 9554, Allen, TX 75013. TransUnion ni P.O. Box 160, Woodlyn, PA 19094. Thibitisha kwanza kwenye tovuti zao kwamba anwani haijabadilika, kisha tuma kwa barua ya kusajiliwa yenye risiti ya kupokelewa. Kisheria, ukiomba mtandaoni au kwa simu wanatakiwa kufunga ndani ya siku moja ya kazi. Kwa barua, ndani ya siku tatu za kazi tangu wapokee.

Ukimaliza moja, hujamaliza. Watu wanachanganya hili kwa sababu kuna kitu kingine, "fraud alert", ambacho ukiiambia kampuni moja inalazimika kuwaambia wenzake wawili. Hicho ni kengele: kinamtaka mkopeshaji ahakikishe ni wewe kabla ya kutoa mkopo, na kinadumu mwaka mmoja, au miaka 7 ukiwa na ripoti rasmi ya wizi. Kengele inasambaa yenyewe, kufuli haisambai. Mwizi hahitaji milango mitatu, mmoja uliosahaulika unamtosha.

Nyuma ya hizo tatu kuna ndogo. Innovis ni ya nne katika kredi. ChexSystems hutazamwa na benki mtu anapofungua akaunti. NCTUE hutazamwa na kampuni za simu, umeme na televisheni. Zote zinakubali kufungwa bure, na ukiwa tayari umeketi na daftari lako ongeza dakika ishirini uzimalize.

Sasa turudi kwenye yale majina. Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kule Kenya wanalijua hili: wengi wao, na Wasomali pia, wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hapakuwa na cheti. Chukua jengo moja la apatimenti la Louisville au Boise yenye familia ishirini za namna hiyo, majina ya ukoo yakijirudia, tarehe ya kuzaliwa ileile, tofauti ni mwaka tu au namba ya mlango. Mitambo ya kredi haidai kila kitu kilingane sawasawa, inakisia. Matokeo yake mafaili yanachanganyika, deni la binamu linatokea kwako, au mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili: moja la jina la makaratasi ya ukimbizi, jingine la jina alilochukua siku ya uraia. Ukifunga, kufuli inakwenda kwenye faili moja lililolingana na ulichojaza. La pili linabaki wazi na wewe hujui.

Wenye jina moja kwenye pasipoti, wakaandikiwa FNU ("First Name Unknown", jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, wanapata toleo lao la tatizo hilohilo. Na sisi tunaorudiarudia majina ya babu, Hassan Ali Hassan mtoto wa Ali Hassan Ali, tunajitafutia kazi pia. Dawa si ya haraka. Omba masahihisho kwa maandishi kwa kila kampuni ukiambatisha kadi ya soshali na kitambulisho, na useme wazi ni jina lipi, anwani ipi na akaunti ipi si yako. Kwa kawaida wana siku 30 kuchunguza na kukujibu. Baada ya hapo vuta ripoti upya, kisha ingia kwenye akaunti zako tatu uone neno la kuthibitisha kwamba faili limefungwa. Piga picha ya skrini hiyo pamoja na tarehe.

Kuna jambo hatulisemi kwenye vikao. Mwizi si lazima awe kijana wa ng'ambo mwenye kompyuta tano. Mara nyingine ni shemeji: "Dada, naomba soshali yako niwashie umeme, yangu imeharibika, mwezi ujao nabadilisha." Mwezi ujao haufiki, na bili ya dola mia saba inafika kwa mdai wa madeni ikiwa na jina lako. Mtu anaweza hata kutumia soshali ya mtoto mchanga wa ndugu yake. Kufunga kredi kunakupa njia ya kukataa bila kuvunja undugu: "Nimefunga kila kitu, shemeji, kufungua ni mlolongo." Ni nusu ya ukweli, tunaisamehe. Ila kumbuka kwamba kampuni ya umeme huenda isivute faili la Equifax wala la Experian. Ikiangalia NCTUE na huko hukufunga, shemeji atawasha umeme wake.

Siku ya kufungua ikifika, swali la kumuuliza mkopeshaji ni moja: unavuta faili kwa nani? Kadi ya mkopo mara nyingi huvuta kwa kampuni moja, na ukijua ni ipi unafungua hiyo tu. Usiondoe kufuli kabisa. Chagua kufungua kwa muda, uweke tarehe ya kuanza na ya kumaliza, siku tatu au saba, na itajifunga yenyewe. Kwa mtandao au simu sheria inawapa saa moja kufungua, na kwa kawaida ni dakika chache. Kwa barua ni siku tatu za kazi, kwa hiyo anayetegemea posta asiende kununua gari Jumamosi akiwa hajajiandaa.

Muuza magari ni kesi ya peke yake. Hatumi ombi lako benki moja, anatupa kwa benki nyingi kwa mkupuo aone nani anakubali. Fungua zote tatu siku hiyo. Vinginevyo anarudi ofisini na kusema kredi yako "ina shida", na kwa sababu hujui shida ni kufuli yako mwenyewe, unakubali riba yoyote anayokuwekea mezani. Kuhusu maombi mengi kuharibu alama, ya gari au ya nyumba yakifanyika ndani ya siku 14 huhesabiwa kama moja, hivyo fanya manunuzi yako yote ndani ya dirisha hilohilo ulilofungua.

Mkopo wa nyumba unavuta kampuni zote tatu, na mkopeshaji huangalia tena karibu na siku ya kusaini. Watu hufungua wiki ya kwanza, ikajifunga, wakasahau, na wiki ya sita simu inapigwa kwamba faili halionekani na tarehe ya kusaini iko hatarini. Muulize afisa wako ataangalia mara ngapi na lini, uandike kwenye kalenda. Kwa nyumba ya kupanga, sheria inaruhusu ukaguzi wa wapangaji uone faili hata likiwa limefungwa, lakini mifumo ya wenye nyumba haifanani. Uliza kabla hujalipa ada ya maombi, kwa kuwa ada hiyo mara nyingi hairudi.

Watoto wa chini ya miaka 16 wanafungiwa na wazazi, bure pia, na hapa mambo ni ya barua. Kampuni hutaka kitambulisho chako, soshali ya mtoto, na hati inayoonyesha wewe ni mzazi au mlezi: cheti cha kuzaliwa, au amri ya mahakama. Aliyezaliwa kambini bila cheti ndiye anayekwama, na kwa ndugu anayelelewa na shangazi amri ya mahakama ya ulezi ndiyo inayofungua mlango. Mtoto ambaye hana faili anafunguliwa moja ili tu lifungwe. Soshali ya mtoto ni tamu kwa wezi kwa sababu hakuna anayeitazama kwa miaka 15. Na hizo ndizo namba zinazoweza kuuzwa mitaani kwa jina la CPN, eti "namba mpya ya kredi, halali kabisa". Hakuna kitu kama hicho serikalini. Anayejaza CPN kwenye fomu ya mkopo anadanganya benki, na aliyemuuzia hatakuwepo mahakamani. Vivyo hivyo anayetaka malipo ya mbele ili akusafishie kredi: sheria ya Marekani inamkataza kupokea hata senti kabla hajamaliza kazi.

Kufuli hii haigusi kodi ya mapato. Mwizi anaweza kujaza ritani, fomu ya kodi ya kila mwaka, kwa soshali yako akachukua marejesho yako Februari, na kampuni za kredi zisijue lolote. Dawa yake ni IP PIN ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: tarakimu sita zinazobadilika kila mwaka, na tangu 2021 kila mlipakodi anaweza kuiomba kupitia akaunti yake kwenye irs.gov. Bila tarakimu hizo ritani ya mtandaoni yenye soshali yako inakataliwa. Wategemezi nao wanaweza kupewa yao. Ina faida nyingine kwa familia ambazo mtoto ameandikwa na mtu wa pili kwenye ritani yake kuwa mtegemezi wake: kuanzia msimu wa 2025, IRS inapokea ritani ya mtandaoni yenye mtegemezi aliyekwisha kuandikwa na mwingine, mradi mlipakodi mkuu aweke IP PIN yake halali. Mjazaji wa fomu wa mtaani aipate PIN hiyo siku ya kujaza tu, asikae nayo.

Ukigundua kwamba tayari umeibiwa, funga kwanza, uliza baadaye. Kisha ingia IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali, utengeneze ripoti ya wizi; hiyo karatasi ndiyo silaha. Ukiituma kwa kampuni ya kredi pamoja na kitambulisho na orodha ya akaunti za uongo, inatakiwa kuzizuia zisionekane ndani ya siku 4 za kazi. Kampuni iliyofungua akaunti kwa jina lako nayo, ukiiandikia na kujithibitisha, ina siku 30 kukupa bure nakala za maombi aliyojaza mwizi, na humo mara nyingi kuna anwani au namba ya simu utakayoitambua. Mdai wa madeni akipiga, usilipe hata dola 5 za "kuonyesha nia njema", maana malipo yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni. Mwandikie ndani ya siku 30 tangu barua yake ya kwanza ukilipinga, na uambatishe ripoti.

Mtoto uliyemfungia akiwa na miaka sita, kufuli yake haifunguki yenyewe akifika 18. Inabaki hadi aombe. Atakwenda chuoni, ataomba kadi yake ya kwanza, atakataliwa, na hatajua kwa nini. Mwandikie kwenye daftari ukurasa wake na umwonyeshe akimaliza sekondari.

Na anayesafiri kwenda nyumbani kwa miezi miwili, Mombasa au Bukavu, akiwa na mkopo wa nyumba unaosubiri majibu huku, apange tarehe za kufungua kabla hajapanda ndege. Msimbo unatumwa kwenye laini ya Marekani, laini isiyo na huduma ya nje haiupokei, na tovuti hizi mara nyingine hazifunguki kabisa ukiwa nje ya nchi. Tarehe ya mbele inawekwa siku hiyohiyo unayopanga sanduku, kwenye skrini ileile ya kufungua kwa muda.